Kamwe Tutabomoa

Hapo zamani za juzi, katika Jamhuri ya Shwari, ambayo ukiitafuta kwenye ramani utapoteza muda wako bure, mimi nilikuwa Mpiga Makofi wa Wilaya. Usicheke. Ni kazi kama kazi nyingine, na ina kiapo. Wenzangu niliosoma nao wamekuwa madaktari na marubani, lakini niambie wewe, daktari anaamsha watu wangapi kwa mpigo? Mimi nikianza "pwa!" ukumbi mzima unaitikia, na kule makao makuu wanajua kwamba wilaya yetu bado inapumua.

Kanuni ya kazi yangu ilikuwa moja. Kiongozi wetu, Mkuu Kabisa, akitua kidogo katika hotuba, hapo ni makofi. Hatui kwa kuishiwa pumzi, la hasha. Anatua ili busara ituingie. Nikiona ametua, napiga, akiendelea, naacha. Na kwenye nembo yetu ya taifa, chini ya picha ya mguu uliofungwa bandeji, imeandikwa: Asiyesikia la Mkuu huvunjika guu. Kwenu huo ni msemo wa bibi na babu. Kwetu ni kifungu cha katiba.

Sasa nikueleze habari ya televisheni, maana kisa chote kimelala hapo. Kwa sheria za Shwari, neno la Mkuu Kabisa haliwi amri mpaka lionekane na kusikika kwenye televisheni ya wilaya, mbele ya wananchi. Hotuba ilirekodiwa makao makuu, ikatumwa kwenye kompyuta ya Mkuu wa Wilaya, na kutoka kwenye kompyuta hiyo ikarushwa hewani, ndani ya ukumbi uleule, mpaka kwenye televisheni iliyotundikwa ukutani. Bila waya. Hilo la bila waya tuliambiwa tujivunie, na mabango yakabandikwa kila kona: SHWARI, NCHI ISIYO NA WAYA. Waya ulikuwa mabaki ya ukoloni. Ukikutwa na waya mrefu kuliko wa pasi, ulikuwa na maelezo ya kutoa.

Televisheni yenyewe ilikuwa kubwa mno, ilibidi wabomoe upande mmoja wa ukumbi ili kuiingiza. Upande huo haujajengwa mpaka leo, na tunashukuru, unaleta upepo.

Na nina shangazi. Anaitwa Sikudhani binti Mbaruku, ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki, na anauza supu ya makongoro katika Soko la Muda. Jina lisikudanganye. Soko hilo lilijengwa liwe la muda wakati shangazi mwenyewe hajang'oka meno ya utoto, na huo muda hakuna aliyewahi kusema ni muda gani. Pale ndipo alipopata ada yangu ya shule. Pale ndipo marehemu mumewe alipomchumbia, bakuli la supu mkononi, akajimwagia suruali nzima. Hana shamba, hana nyumba ya kupangisha, hana mtoto ughaibuni. Banda lile likienda, shangazi naye amekwenda.

* * *

Siku ya hotuba tulijaa ukumbini. Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Dokta Eladius Chogero, alikaa mbele kabisa. Udaktari wake ni wa heshima, katika fani ya Utulivu. Kwenye kompyuta alikaa Bwana Festo Ndimbo, Afisa Mtiririko, msomi mwenye tai, aliyepelekwa ng'ambo na Serikali kusomea jinsi picha inavyotiririka.

Mkuu Kabisa akatokea ukutani katika ubora wa juu kabisa. Ungeweza kuhesabu nyuzi za nishani zake. Akafungua kinywa.

"Ndugu wa... ndugu wa... nanchi..."

Akatua. Nikapiga makofi, ukumbi ukaitikia.

"...ninyi ni mashahidi. Nchi hii mimi nimeiba..."

Akatua tena, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Ndugu yangu, usiombe. Ukumbi mzima ulinigeukia mimi. Nipige? Nisipige? Kiapo ni kiapo. Nikapiga, na watu wakapiga kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia. Tena wengine walisimama. Ndipo picha iliporuka na sauti ikamalizia: "...riki kwa mikono yangu miwili!" Tukakaa chini polepole, kila mtu akitazama viatu vyake.

Mambo yakaendelea hivyo, nusu neno na makofi, robo neno na makofi. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soli. Kisha Mkuu Kabisa akainua kidole.

"Nasema mbele yenu nyote, kamwe..."

Akatua. Makofi.

"...tutabomoa Soko la Muda!"

Na hapo akaganda, kidole juu. Tulipiga makofi, tukapiga, tukapiga, viganja vikawa vyekundu, naye kidole juu tu. Mwishowe Dokta Chogero akasimama mbele ya televisheni, akainama kwa heshima, akasema, "Mkuu Kabisa ameingia katika tafakuri. Kikao kimeahirishwa. Wafanyabiashara wa Soko la Muda mmesikia wenyewe. Katapila litakuja Ijumaa."

Nilimtafuta shangazi kwa macho. Alikuwa ameshika nguzo ya ukumbi kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa inarudiarudia neno moja.

* * *

Lazima niseme hapa, kabla hujaniuliza, kwa nini hakuna aliyenyoosha mkono akasema picha imekwama. Katika Jamhuri ya Shwari hakuna kitu kinachokwama. Neno lenyewe lilifutwa kwenye kamusi, ukurasa ukakatwa kwa wembe, na maneno mawili matatu yasiyo na hatia yaliyokuwa upande wa pili wa ukurasa yakaenda nalo. Gari likizama matopeni, tulisema linatafakari. Mfupa wa samaki ukikuingia kooni, ulitafakari, na ukichelewa kupelekwa hospitali ulitafakari moja kwa moja. Picha nayo ilikuwa inatafakari. Mimi sikuona ubaya wowote. Ni neno zuri.

Jioni nilikwenda bandani kumpa pole shangazi. Nilidhani nitamkuta analia. Nikamkuta anapasua kuni.

"Hebu niambie wewe uliyesoma kwa hela ya makongoro," akasema bila kunitazama. "Mkuu wenu alisemaje?"

"Shangazi, usijitie simanzi. Alisema kamwe tutabomoa Soko la Muda."

"Rudia."

"Kamwe tutabomoa."

"Kiswahili gani hicho?" Akatupa shoka chini. "Kamwe tutabomoa! Kamwe na 'ha' ni mke na mume, mwanangu, hawaachani njiani. Kamwe hatutabomoa. Kamwe sitakwenda. Umeshamsikia mtu mwenye akili zake akisema kamwe nitakwenda? Hata wewe ulipokuwa mdogo, unagoma kuoga, ulikuwa unasema kamwe sitaki, hukukosea."

"Shangazi, yale mambo ya utotoni..."

"Ile 'ha' imeliwa na mashine yenu! Mtu wa watu amesema hatutabomoa, mashine imemkata ulimi katikati, na mimi nikose pa kuweka sufuria langu kwa sababu ya herufi mbili? Vaa viatu. Tunakwenda kwa huyo daktari wa utulivu."

Kubishana na shangazi yangu ni kujichosha. Nilivaa viatu.

* * *

Dokta Chogero alitupokea nyuma ya meza yake, akamsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Bibi mkubwa, shikamoo."

"Marahaba."

"Kwa hiyo unadai kwamba Mkuu Kabisa hajui Kiswahili."

"Mkuu anakijua, mheshimiwa. Televisheni ndiyo haikijui."

"Unadai kwamba televisheni ya Serikali ime... ime..." Akatazama dirishani, akatazama mlangoni. "Imefanya lile neno?"

"Mimi sijataja neno. Nimesema 'ha' haikufika."

Mheshimiwa akasimama. Akisimama huwa ni hotuba. "Bibi mkubwa! Sarufi iliwekwa na watu, na watu waliwekwa na Mkuu! Kama Mkuu Kabisa amesema kamwe tutabomoa, basi tangu leo kamwe inakubali. Mpiga Makofi, andika."

Sikuwa na kalamu, nikapiga makofi.

Agizo likatoka kesho yake. Shule zote za wilaya zifundishe "kamwe" ya kukubali. Watoto hawana shida, walishika palepale. "Kamwe nimefanya kazi ya nyumbani, mwalimu," wakawa wanasema, na daftari tupu. Matatizo yalikuwa kwa watu wazima. Kulikuwa na harusi mtaa wa pili, bwana harusi mtumishi wa umma, mtu wa kufuata maagizo. Akamshika bibi harusi mkono mbele ya wazee, akasema kwa sauti, "Mpenzi wangu, kamwe nitakuacha!" Bibi harusi akaanguka, mama mkwe akavua kiatu. Mpaka sasa pande mbili hazisalimiani.

Lakini shangazi hakuwa ametoka ofisini kwa Dokta Chogero siku ile bila kuacha kitu. Alifika mlangoni, akageuka, akasema kwa unyenyekevu ambao mimi ninaujua na ninauogopa:

"Sawa, mheshimiwa. Ila hotuba haikuisha. Tumesikia nusu, tena nusu ya nusu. Na nembo inasema asiyesikia la Mkuu huvunjika guu. Sasa hao wakaguzi wa makao makuu wakija kuuliza wilaya hii imesikia nini, wataanza na guu la nani?"

Dokta Chogero alitazama miguu yake chini ya meza. Alikuwa amevaa viatu vipya.

"Hotuba itarudiwa Ijumaa asubuhi," akasema. "Yote. Na itiririke. Katapila lisubiri nje."

* * *

Ikaundwa Kamati ya Kutathmini Tafakuri ya Picha. Mimi nilikuwa mjumbe, kwa ajili ya makofi ya kufungua na kufunga vikao. Shangazi aliingia kama mwakilishi wa wadau, akiwa na sufuria la supu, na hakuna mjumbe aliyeuliza ni wadau gani.

Bwana Ndimbo alijua kasoro tangu siku ya kwanza. Ilimkaa kooni, masikini, ungeweza kuiona ikipanda na kushuka. Lakini elimu yake yote aliyoipata ng'ambo ilikuwa imejengwa juu ya lile neno lililofutwa, na bila neno hilo alikuwa kama fundi aliyenyang'anywa nyundo.

"Mheshimiwa," akaanza, "kile kisanduku cha mtandao, kinachorusha mawimbi. Kiko wapi?"

Kilikuwa ndani ya sefu. Kiliwekwa humo na Mkuu wa Wilaya aliyepita, mtu mwangalifu, ili wananchi wasiibe intaneti ya Serikali. Sefu ya chuma, mlango unene wa kiganja, na juu yake picha ya Mkuu Kabisa katika fremu ya shaba.

"Mawimbi hayapiti chuma, mheshimiwa."

"Mawimbi ya nani hayo? Mawimbi ya Serikali yanapita popote!"

"Yanapita, mheshimiwa. Ila yakifika upande wa pili yamechoka."

Hilo la kuchoka lilikubalika, kwa sababu Serikali inaruhusiwa kuchoka kwa kuwatumikia wananchi. Kisanduku kikatolewa kwa gwaride dogo, askari wawili kulia na kushoto, kikawekwa juu ya kabati. Tukajaribu. Mkuu Kabisa akafika "ndugu wanan..." kabla ya kutafakari. Ilikuwa hatua, nikapiga makofi.

Bwana Ndimbo akafungua kompyuta atazame ilikuwa imebeba nini. Ilikuwa imebeba mengi. Mchezo wa karata, ambao Dokta Chogero alisema ni wa kitengo cha mipango. Taarifa lukuki zenye kichwa "Hali ni Shwari", zote zimefunguliwa kwa pamoja. Na programu moja isiyo na jina.

"Hii nikiifunga kompyuta itapumua," Ndimbo akasema.

"Hiyo usiiguse," ikasema sauti kutoka nyuma. Alikuwa mtu mwenye miwani myeusi, aliyekuwa akisoma gazeti la mwaka juzi. Wote tulijua anatoka idara gani, na wote tulijifanya hatujui.

"Na hii nyingine, inayoiangalia hiyo?" Ndimbo akauliza.

Mtu wa gazeti akashusha gazeti. "Inayoiangalia? Nani anaiangalia?"

Upande wa pili wa ukumbi, mtu mwingine mwenye miwani myeusi akainuka taratibu kuelekea mlangoni. Wa kwanza akamfuata. Tuliwasikia nje wakionyeshana vitambulisho na kufokeana, na Bwana Ndimbo, Mungu ambariki, akazifunga programu zote mbili kabla hawajarudi.

Halafu ikagundulika kwamba ofisi zote za wilaya zilikuwa zinanywa mtandao uleule. Idara ya Maji ilikuwa inatazama mpira. Idara ya Ardhi ilikuwa inatazama tamthilia ya binti aliyepotea hospitalini akakua tajiri, na mkuu wa idara aliomba wamalizie sehemu ile kwanza, kwa sababu mama alikuwa karibu kumtambua mwanawe. Ombi likakataliwa. Wakakatiwa wote. Kwa kukosa cha kufanya, Idara ya Ardhi ikatoa hati ya kiwanja mchana uleule, na mzee aliyeipokea ilibidi apepewe.

Picha sasa ilikuwa inatembea, lakini kwa kuchechemea. Ndimbo akafuta jasho kwa tai. Akasema kwa sauti ndogo:

"Mheshimiwa, kilichobaki ni ubora. Tuupunguze kidogo."

"Ubora wa nani?"

"Wa... wa Mkuu Kabisa."

Viti vikaanza kusogezwa. Mimi mwenyewe nilisogeza kiti changu mbali naye kidogo, si kwa ubaya, nilikuwa na familia. Watu wa miwani myeusi, ambao sasa walikuwa marafiki, wakasimama kwa pamoja. Shangazi ndiye aliyemwokoa yule kijana wa watu, kwa kumpelekea Dokta Chogero bakuli la supu na kumwinamia.

"Mheshimiwa, mimi si msomi. Lakini Mkuu wetu si mtu wa makuu, au sivyo?"

Dokta Chogero akanywa supu, akafikiri, akanywa tena. Kisha akapiga meza. "Ndugu wajumbe! Mkuu Kabisa ni mnyenyekevu. Kwa nini basi picha yake iwe na majivuno? Naagiza picha iongezewe unyenyekevu!"

Bwana Ndimbo akaiongezea unyenyekevu. Nishani zikawa doa moja la njano, na uso wa Mkuu ukawa uji wa ulezi, lakini uji wa kuheshimika. Ukatembea vizuri sana, ukakaribia mwisho wa utangulizi. Halafu ukatafakari.

Ilikuwa Alhamisi. Ndimbo akaweka kichwa juu ya meza. "Waya," akasema, mdomo umegandamizwa kwenye meza. "Waya mmoja tu. Kutoka hapa mpaka pale ukutani. Nifungeni, lakini nimesema."

Hakuna aliyemfunga, nadhani kwa sababu ya uchovu. Shangazi akafungua kanga aliyojitanda begani, akaipasua vipande virefu, akaviviringa pande zote za waya aliouleta Ndimbo ndani ya soksi. Dokta Chogero akauzunguka mara kadhaa akiukagua.

"Huu si waya," akatamka hatimaye. "Huu ni Utepe wa Umoja, ambao ndani yake imo shaba."

Ukachomekwa, na Mkuu Kabisa akaanza kutiririka kama maji ya bomba la jirani. Tukamkata hapohapo kwenye utangulizi, maana si heshima kumsikiliza bila wananchi. Lakini Mheshimiwa alikuwa na wasiwasi mpya. "Sasa kama hatafakari tena, watu wakimpigia makofi si sauti yake itamezwa? Sauti ya Mkuu Kabisa haimezwi na makofi! Ndimbo, wananchi wakipiga, simamisha picha. Usiiachie mpaka makofi yaishe yenyewe. Ukiiachia mapema, ni uhaini."

* * *

Ijumaa asubuhi Soko la Muda lote lilihamia ukumbini. Wauza dagaa, wauza mitumba, mafundi cherehani, wote. Katapila liliegeshwa kando ya ule upande usio na ukuta, injini inanguruma, dereva anapiga miayo. Shangazi alikaa mbele, amejitanda kanga ya kuazima, na alikuwa ameoga marashi kama mtu anayekwenda kuposwa.

Hotuba ikaanza. Jamani, ilitiririka! Tulisikia "nimeibariki" nzima, na nikaona watu kadhaa wamesikitika kidogo. Kila tulipopiga makofi Ndimbo alisimamisha picha, makofi yakiisha anaiachia. Kisha kidole kikainuka.

"Nasema mbele yenu nyote, kamwe hatutabomoa Soko la Muda..."

Ha! Ha-tu-ta-bo-mo-a! Vigelegele vilipasuka mpaka dereva wa katapila akaamka. Wauza dagaa walimrusha juu Bwana Ndimbo, ambaye alikuwa ameshaisimamisha picha, na kumdaka, na kumrusha tena. Shangazi alinikumbatia, machozi yake yakanilowesha shati la kazi. "Nilikwambia," akawa anasema. "Nilikwambia mimi. Kamwe hawezi kutembea peke yake." Na mimi nililia. Sikuona haya wakati ule na sioni haya sasa.

Makofi yakapungua, yakaisha. Ndimbo akashushwa chini, akaiachia picha.

"...kabla hotuba hii haijaisha. Mimi ni kiongozi msikivu, napenda watu wanisikilize kwanza. Neno langu la mwisho likitoka tu, katapila liingie kazini. Na kwa kumalizia, ndugu wananchi..."

Chini ya picha pana ule mstari unaoonyesha hotuba imefika wapi. Ulikuwa umebakiza ukucha.

Nilimtazama shangazi. Hakuwa analia tena. Uso wake ulikuwa umetulia vibaya, uso niliouona mara moja tu maishani, siku tuliyomzika mumewe. Nje, dereva alikuwa anavaa glavu.

Sijui nani aliniinua kwenye kiti. Nilisimama, nikapiga makofi.

Mkuu Kabisa hakuwa ametua. Alikuwa katikati ya neno. Katika kazi yangu yote sikuwahi kufanya kitu kama kile, na ukumbi ulinitazama kana kwamba nimevua nguo. Ndimbo alinitazama, akatazama mstari, akatazama kitufe. Akaisimamisha.

"Hajatua!" Dokta Chogero akaning'ata sikio. "Acha!"

"Mheshimiwa," nikasema kwa sauti ya kazini, ile inayofika mpaka nje, "unaniagiza niache kumpigia makofi Mkuu Kabisa?"

Watu wawili wa miwani myeusi wakashusha gazeti, siku hizi walikuwa wanasoma moja. Dokta Chogero akawatazama. Kisha akainua mikono yake mwenyewe, akaanza kupiga. Shangazi akapiga. Wauza dagaa wakapiga, mafundi cherehani wakapiga, watu wa miwani wakapiga huku gazeti likianguka. Mkuu Kabisa akabaki ukutani, mdomo nusu wazi, akitusubiri kwa uvumilivu mkubwa.

Injini ya katapila iliendelea kunguruma mpaka mafuta yakaisha.

* * *

Hatujaacha mpaka leo. Shangazi ndiye anayepanga zamu: wa samaki alfajiri, wa mitumba mchana, wa mboga jioni, na aliye zamu hapaswi kuacha mpaka anayempokea ashike mdundo. Soko lipo. Supu ipo. Watu wa wilaya za jirani walikuja kutuuliza kisha wakaenda kwao, na sasa nasikia huko nako wanapiga makofi, kwa ajili ya msitu mmoja, na kwingine kwa ajili ya kisima.

Habari zilimfikia Mkuu Kabisa kwamba nchi inampigia makofi usiku na mchana bila kukoma. Wanasema alilia. Alikuwa amepanga kupumzika mwaka huu, akalime, lakini kwa mapenzi haya ameona si uungwana kutuacha, na amekubali kugombea tena. Kwa hiyo viganja vyetu vimeokoa soko na kutuletea miaka mingine, na ukiniuliza kama ni faida au hasara nitakwambia mimi ni mpiga makofi, si mhasibu.

Ila kuna jambo nililigundua nikiwa zamu na shangazi. Nilimwona anapiga makofi, macho yamemkazia Mkuu usoni, na midomo inacheza. Nikadhani anasali. Nikasogea karibu kabisa. Hakuwa anasali. Alikuwa anamwambia. Alianza na barabara ya zahanati isiyopitika, akaja kwenye mume wake aliyefia njiani kwenye barabara hiyo, akamwita majina ambayo sikujua kama anayajua, kwa sauti yake kamili, na hakuna aliyesikia neno, kwa sababu ya makofi.

Nikawatazama wengine. Midomo yote ilikuwa inacheza.

Tangu siku hiyo hakuna anayechelewa zamu. Watu wanakuja kabla ya wakati, wamechana nywele, na ukiwaambia muda wao umekwisha wanakuomba uwaachie kidogo. Jana mchana Dokta Chogero aliingia peke yake, bila dereva, bila koti.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "leo si zamu yako."

"Najua," akasema. "Nipishe."

Akasimama mbele ya televisheni, akaanza kupiga, na midomo yake ikaanza kucheza, kwanza polepole, halafu haraka. Mimi nikaongeza nguvu katika makofi, ili asisikike.